Kamba ya Mama

Shoga, shemeji yako leo nusura amuue mama yangu. Sitanii.

Asubuhi tuliendesha baiskeli mlimani sisi watatu, tukateremka hadi kwenye ule mwamba mrefu. Mama akang'ang'ania naye aupande kwa kamba. Mume wangu ndiye mshika kamba pale chini, wa kumzuia asianguke, vidole vimekufa ganzi kwa kubana breki njia nzima.

Mama yuko juu kabisa, anauliza, "Mwanangu, umenishika? Niuachie mwamba?"

Mume wangu akajibu, "Nimekushika, mama!"

Halafu akajitazama kiunoni. Kamba haikuwa imepita kwenye chuma cha mkanda wake, kile kinachoibana mtu asianguke. Ilikuwa chini, shoga. CHINI miguuni!

Akakauka. "Mama, usiachie! Nimekosea, kamba sijaifunga!"

Mama akajibu: "Basi fanya haraka, miguu inatetemeka."

Vidole vya mume wangu vikagoma kukifungua kile chuma. Nikakifungua mimi, nikapitisha kamba, tukamshusha.

Nilijua mama akifika chini atamzaba kibao. Wapi! Alimshika mikono, akaanza kumsugua vidole. "Ungeona aibu kusema umekosea, ningeachia."

Sasa hivi mume wangu yuko uani, anaosha baiskeli iliyokwishatakata, huku analia. Mama anamshikia mpira wa maji.