Tundu la Ukutani, Duka Letu la Katana

Papa Amani wangu,

Jana nilirudi Katana. Mtoto wetu Amani anataka tuuze duka, nami nihamie kwake Kasha moja kwa moja. Ametafuta mthamini, bwana mmoja wa Bukavu anayepima majengo kabla hayajauzwa, na mimi nikaenda kumfungulia mlango. Sikumwambia Amani, lakini nilikwenda nikiwa nimeamua kukataa. Kule Kasha wananipenda, wananipa chakula cha moto, kisha kila mtu anainamia simu yake. Tangu tukuzike, siku nyingine sauti yangu naisikia kwenye sala tu. Nilidhani dukani, angalau, bado upo.

Mthamini ni mtu wa heshima. Alipima baraza, akagonga mabati, akauliza maji ya mvua yanapita wapi. Akaniambia duka liko mahali pazuri, karibu na soko, wakulima wote wanapita hapo na maharagwe yao. Nikataka kucheka. Kama vile sisi hatukujua! Angekuona siku za soko, mkono umezama ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, ukitafuta maharagwe mabichi yaliyofichwa katikati, na mwenye gunia anakuapia kwa Bikira Maria kwamba yamekauka yote. Ukiyapata, hukugomba. Ulimwambia tu ayaanike kwenye baraza letu, na mimi ndiye niliyeyageuza mchana kutwa. Ulikuwa mkarimu kwa mikono yangu, bwana wewe.

Halafu akaliona lile tundu, kati ya duka na jiko.

"Mama, hii tundu iko ya nini?"

Ningemwambia nini? Kwamba tulipoanza tu duka nilikulilia kwamba nachoka kupika peke yangu, nikikusikia unacheka na wateja upande wa pili? Asubuhi yake ulichukua nyundo, ukavunja ukuta. Ila ulipima ukiwa umekaa kwenye kiti chako, haraka zako zile, tundu likawa chini, na mimi napika nimesimama. Miaka yote nimeongea na magoti yako. Nikitaka kuuona uso, niiname.

"Sasa utalalamika juu ya nini tena, Mama Amani?" ulisema, vumbi limejaa kichwani. Nilikupenda sana siku ile, na sidhani kama nilikuambia.

"Iko ya kuongeleya," nikamjibu mthamini.

"Itabidi tuifunge. Mwenye kununua ataona ukuta iko mubovu."

Akazunguka kwenda dukani kuendelea na kazi. Nikabaki jikoni, hakuna moto, hakuna sufuria. Sijui nilishikwa na nini. Nilisimama mbele ya tundu kama zamani, nikaita kwa nguvu, "Papa Amani!"

"Ndiyo, mama?" akaitika yeye.

Nikaona magoti yake, suruali nyeusi iliyopigwa pasi vizuri. Nikamwambia hakuna kitu, aendelee kupima.

Nitauza, mume wangu. Nimemwambia Amani jana ile ile, akafurahi, akasema sasa nitapumzika. Usinikasirikie. Ningebaki pale ningezidi kukuita, na kila mara angeitika mtu mwingine.

Ni mimi mke wako,
Mama Amani