Sanda ya Mama Mkwe Ilivyokuwa Kitambaa cha Sinema

Mpendwa Mama Rosina,

Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba unisitiri, jina langu usilitoe, maana hapa Sindeni gazeti likifika husomwa kwa sauti pale duka la ushirika, na mimi nitakuwa nimesimama palepale kwenye foleni ya sukari. Ni mwanamke mwenye mume na watoto, kwenye kamati ya kijiji ni mjumbe wa akina mama, watu wananiheshimu, na hiyo heshima ndiyo iliyoniponza.

Mwezi uliopita mwenyekiti wetu, Mzee Salimu, alituambia gari la sinema linakuja kuonyesha picha za kilimo bora na ufugaji, mashine wanayo na jenereta wanalo, ila kitambaa chao cha kuonyeshea kimechanika, kwa hiyo kila kijiji kijitafutie chake, ndiyo kujitegemea kwenyewe. Sasa Mama, sisi tulikuwa tumeshasikia yaliyowapata wenzetu wa Misima, walitundika mashuka mawili yaliyoungwa katikati, basi kila aliyetokea kwenye picha uso wake una mshono kuanzia utosini mpaka kidevuni, na sisi tuliwacheka, na mimi nilikuwa wa kwanza, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kwa hiyo palepale mkutanoni nikasimama, hakuna aliyenituma, nikasema, "Kitambaa niachieni mimi." Wakanipigia makofi.

Nilihangaika. Shuka langu la arusi nililiinua juani nikaona vidole vyangu upande wa pili, na Filemoni, fundi wa ile mashine, alikuwa ameshatuma neno kutoka Korogwe kwamba kitambaa kikipitisha mwanga picha inafifia, watu wataona ukungu tu. Khanga zina maua na maandishi. Magunia ya unga yana nembo, nimeyachemsha na majivu mpaka kuni zikaisha, nembo iko vilevile. Duka la ushirika halikuwa na kitambaa, halikuwa hata na uzi. Siku ikakaribia, na kila niliyekutana naye kisimani ananiuliza, "Kitambaa tayari?" nami najibu, "Tayari, msiwe na wasiwasi."

Mama mkwe wangu, Mama Rosina, ana sanda yake. Ni bafta, nyeupe, nzito, pana kuliko zote nilizowahi kuona, haina mshono popote, marehemu kaka yake alipokwenda kuhiji aliitosa kwenye maji ya Zamzam akamletea, naye ameitunza kashani kwa karafuu na udi tangu sijaolewa. Kila mwaka ukiingia mwezi wa Shaabani tunaitoa kuianika uani, yeye anashika ncha zile na mimi nashika hizi, tunaikung'uta, tunaikunja, wala hatusemeshani. Ufunguo wa kasha ninao mimi. Ana binti zake wa kuwazaa lakini alinipa mimi, akasema, "Wewe ndiye utakayenifungulia siku hiyo."

Mama Rosina, nilifungua.

Nilijiambia ni jioni moja tu, nitairudisha kama ilivyo, na kama angejua umuhimu wa maendeleo angenipa mwenyewe, maneno ya kujidanganya hayo, najua. Basi Filemoni alipofika akasema lazima kipitishwe mti juu na mti chini, kikilegea picha itacheza, nikakaa chini nikakishona pindo kwa mkono wangu mwenyewe, mimi mtoto wa madrasa ninayejua kabisa kuwa sanda haishonwi. Nilijua na nikashona hivyo hivyo, pindo la juu na la chini.

Giza lilipoingia picha ikatoka safi ajabu. Vigelegele! Mzee Salimu akanishika mkono mbele ya watu wote. Mama mkwe naye aliletwa, akawekwa jamvi la mbele kabisa. Wakapita ng'ombe wa maziwa, wakapita kuku wa kizungu, halafu, jamani, wakatokea nguruwe. Nguruwe wakubwa na watoto wao, wanagaagaa matopeni, juu ya bafta ya Zamzam! Wazee wakasema astaghafirullah, vijana wakaangua kicheko, mimi nikatamani ardhi ipasuke nizame na ile miti yangu ya juu na ya chini. Ilipokwisha mama mkwe akaniuliza, "Kitambaa kizuri hiki, cha nani?" Nikamjibu bila hata kumeza mate, "Cha serikali, mama." Akanitazama, akasema, "Basi serikali inajua kutunza." Akaomba nimshike mkono tukarudi nyumbani.

Kesho yake nilifumua pindo, uzi ukatoka, matundu ya sindano yakabaki. Ilikuwa imeingia vumbi letu hili jekundu, nikaifua kwa sabuni ya mche, vumbi likatoka na harufu ya karafuu ikatoka, na ile Zamzam nayo nadhani ilikwenda na povu nililolimwaga nyuma ya jiko. Nikaikunja nikairudisha.

Sasa Shaabani imeingia. Miaka mingine siku ya kwanza tu huniambia tutoe kasha, mwaka huu kimya. Anakaa mlangoni anachambua choroko, nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba, halafu ananiambia, "Niambie, mwanangu," nami nasema, "Salama tu, mama," naye anarudi kwenye ungo wake, kila asubuhi hivyo hivyo. Rafiki yangu Yuditha, mfanyabiashara wa Korogwe, ameniwekea bafta mpya, anasema niifukize udi niibadilishe, nani atajua. Mume wangu nilimweleza, akasema nyamaza, macho ya mama yamechoka. Na Mzee Salimu ananiambia gari la sinema linarudi, Filemoni ametusifu tarafa nzima, kwa hiyo nikitoe tena kitambaa kilekile. Nibadilishe? Ninyamaze? Nikimwambia mama mkwe, je, asije akaanguka kwa uchungu nikawa nimemuua? Na wale nguruwe wameshainajisi? Nijibu upesi Mama, nimefika mahali hata ule ufunguo siwezi kuushika.

Mimi niliyeaibika,
Sindeni, Handeni


Mwanangu wa Sindeni,

Pole. Ipokee pole hiyo upesi, kwa sababu sina nyingine ya kukupa mpaka mwisho wa jibu hili. Kuficha jina peke yake kusingekusitiri, kwa hiyo jibu nakutumia kwa posta, gazetini halitoki.

Tuanze na nguruwe tuwaondoe njiani. Mimi ni Mkristo wa milimani, hukumu ya dini yenu siwezi kuitoa, kamuulize shehe wenu, naye usimfiche kitu. Lakini kwa akili yangu ya kawaida, picha ni mwanga, na mwanga hauna kwato. Usijifiche nyuma ya nguruwe. Aliyeiharibu sanda ile alikuwa na sindano mkononi na alijua anachokifanya, na umekiri mwenyewe, hapo nakupa heshima yako.

Uliwacheka watu wa Misima kwa mshono wao. Wale maskini waliunga mashuka yao wenyewe! Hujafa hujaumbika, mwanangu. Wewe uliogopa kuchekwa jioni moja, ukachukua kitu cha mtu cha mwisho kabisa duniani. Angalau ungemwomba. Huenda angekupa, huenda angekukatalia, lakini hukumpa hata nafasi ya kukataa.

Na hiyo bafta ya kubadilisha kwa siri, hebu tafakari hadi mwisho. Mama wa watu amefariki, wewe ndiye unayefungua kasha kama alivyokuomba, waoshaji wanapokea kitambaa, wanasema mashaallah, hii ndiyo ile ya Zamzam, na wewe umesimama pembeni unaitikia. Utaweza? Kama utaweza, usiniandikie tena. Alikupa ufunguo kwa ajili ya siku ambayo yeye hataweza kuangalia kilichomo.

Sasa kaa chini uisome barua yako mwenyewe, maana naona umeiandika bila kuisoma. Mumeo anasema macho ya mama yamechoka. Macho gani hayo, na wewe unaniambia kila asubuhi anachambua choroko? Anatoa changarawe kwenye ungo, lakini asiitambue bafta aliyoikunja kwa mikono yake kila mwaka, imetundikwa mbele ya pua yake, inawaka taa? Alikuuliza cha nani. Mtu asiyejua angekuuliza kimenunuliwa wapi. Ukamwambia cha serikali, akakusitiri mbele ya kijiji kizima, akakuomba mkono mwende nyumbani. Na Shaabani imeingia halitaji kasha. Unadhani amesahau? Akilitaja utakuwa umekamatwa, naye hataki kukukamata. Anakwambia "Niambie, mwanangu," kila siku ya Mungu, na wewe unampa "salama tu"! Siwezi kula kiapo, simfahamu mama huyo. Lakini mimi nami nina wakwe, na kama nimekosea hapa basi nimekosea kidogo sana. Huyo hataanguka kwa uchungu. Uchungu anao tayari, amekaa nao mlangoni anakungoja.

Kwa hiyo utafanya hivi. Nenda kwa Mzee Salimu, mbele ya kamati ileile iliyokupigia makofi, useme kitambaa hakipo tena. Wakikuuliza kwa nini, sema hakikuwa changu, basi, usiendelee, mambo ya kasha ni ya mwenye kasha. Kisha waambie kijiji hakihitaji kitambaa. Mna ghala la mahindi, lina ukuta usio na dirisha, usiniambie halina, kila kijiji kina ukuta kama huo. Uparueni, mkausiribe kwa udongo mpaka uwe laini, ukikauka mpake chokaa, na ikikauka mpake tena, mpaka udongo usionekane kabisa. Pembeni mzungushie mstari mpana wa masizi, picha itakaa ndani yake na weupe utazidi kung'aa. Ukuta haupitishi mwanga, haupeperushwi na upepo na hauna mshono. Filemoni atawasifu mpaka Lushoto. Na watu wa Misima waalikeni, wakae mbele.

Bafta ya Yuditha ichukue, lakini ipeleke mchana, mama mkwe aione na kuishika. Achague yeye, ile yenye matundu au hii isiyo na Zamzam. Mwili utakaovishwa ni wake.

Mumeo mwache nje, asije akakusemea. Kesho asubuhi ukishamwamkia, akisema "Niambie, mwanangu," usithubutu kusema salama. Piga magoti, mwekee ufunguo kwenye kiganja chake, useme, "Mama, kile kitambaa kilikuwa chako." Usimtaje Filemoni, usitaje maendeleo, na serikali iache kabisa, imeshasingiziwa vya kutosha. Akikugombeza, gombezwa. Akilia, usimnyamazishe ili wewe upate nafuu. Akiufunga ule ufunguo kwenye pindo la khanga yake asikurudishie, inuka ukapike, wala usiuombe, huna haki ya kuuomba.

Na akinyanyuka akaenda kulifungua kasha mwenyewe, akaitoa ile bafta uani, usiongeze neno hata moja. Nenda ukashike ncha zako.

Mama Rosina