Haikuwa Karuho, Ni Moyo

Goma, Mabanga
Tarehe 20 Juni 2021

Mupendwa mudogo wangu Grégoire,

Salamu nyingi kutoka huku ambako udongo ungali unatetemeka kidogo kidogo. Uko muzima? Bibi yako Rosine na watoto wanaendelea? Baridi ya Lubumbashi imewaachia? Mimi niko, lakini usingizi ulishanikimbia.

Ni juu ya Benny. Mutoto wangu wa miaka ishirini na mbili amelazwa hospitali, moyo wake unaugua. Ndiyo, moyo, usifikiri nimekosea kuandika.

Wiki moja kabla ya volkano kulipuka alikuwa na gripe, ile ya homa na kukohoa. Tuliidharau. Kisha ikaja amri ya kuhama, tukatembea mpaka Sake, yeye na godoro kichwani. Huko jirani yetu Mama Henriette, yule anayeuza samaki Birere, akatugawia sombe yake, yale majani ya muhogo. Kesho yake Benny akashikwa na maumivu ya kifua, akawa anahema hata akiwa amekaa.

Unatujua sisi watu wa hapa. Mutu wa nguvu akianguka gafula, neno ni moja tu: karuho, ile sumu ya polepole. Na mimi mama yake ndiye niliyelitamka wa kwanza. Nilimusimamisha Henriette mbele ya watu wote, nikamwita mulozi. Halafu nikamupeleka mutoto kwa munganga wa mizizi ili atapishwe. Siku ine, Grégoire! Alitapika mpaka hakuwa tena na cha kutapika. Siku ya tano akazimia.

Tuliporudi Goma tukamufikisha hospitali, na Dokteri Julien wa huko hakuuliza alikula kwa nani. Aliuliza kama aliugua gripe, na lini. Wakamubandika nyaya kifuani, mashine ikachora mapigo, wakapima damu, halafu ekografi, ile picha ya ndani ya mwili. Akanigeuzia kioo, nikauona moyo wa mutoto wangu umetanuka, unapiga kwa uvivu. Alisema nyama ya moyo imevimba, kwamba virusi vya gripe vinaweza kuteremkia huko, na vijana wenye nguvu navyo haviwaachi. Ule muzigo wa godoro ulizidisha ugonjwa, na mizizi yangu ikamumaliza maji mwilini.

“Mama, kama mungemuleta siku ya kwanza,” akasema. Basi. Afadhali angenigombeza.

Anapewa dawa. Miezi sita asikimbie, asibebe hata kidumu cha maji. Kama moyo utarudi sawa, hakuna anayejua bado. Watapima tena Alhamisi.

Henriette nilimwendea, nikapiga magoti. Alinisikiliza, akafunga mulango. Simulaumu, wateja walimukimbia kwa ajili ya kinywa changu.

Nakuomba jambo moja: watoto wako wakitoka kwenye gripe wakaanza kuhema, ama kifua kuwauma, usitafute mulozi. Wapeleke wapimwe moyo, siku ile ile.

Jana Benny aliniambia: “Mama, volkano ikitoka tena, ama waasi wakiingia, muniache. Ninyi mukimbie.” Nikamwambia anyamaze. Lakini wewe nakwambia: mara ya kwanza nilimukimbiza mugonjwa na muzigo kichwani, bila kujua. Mara hii najua. Sitoki kwenye kitanda chake, moto utukute wawili.

Nisalimie Rosine, Constant na Sidonie. Baba yetu muzee, huko Butembo, usimwambie kitu mbele ya Alhamisi. Bwana awafunike kwa mukono wake, na huo mukono mwingine aushikilie moyo wa Benny.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Ernestine