Gari-nyumba Siliuzi

Ullapool, Jumapili

Mwanangu Gethin,

Natumai mgongo wako umepata nafuu. Mimi nimefika Uskoti salama, nikiendesha mwenyewe gari-nyumba letu, na kitanda chake na jiko lake ndani. Kwenye barabara kuu nilishika upande wa kushoto, na kila lori liliponipita upepo ulinisukuma, nami nikakaza usukani.

Huku juu barabara ni ya gari moja, yenye nafasi za kupishana hapa na pale. Jana bwana mmoja alikutana nami uso kwa uso, akapiga honi, akatoa kichwa dirishani.

"Bibi, rudi nyuma! Kama huwezi, mwite mumeo ashike usukani!"

"Mume wangu nilimzika Februari," nikamjibu. "Na nafasi ya kupishana iko hapo nyuma yako. Rudi wewe."

Akarudi, amenuna. Nilimpungia mkono nikapita. Mbele kidogo nikaegesha, nikalia mpaka chai ikapoa. Tangu mazishi ya baba yako sikuwa nimelia.

Kile chumba ulichonitafutia kwenye nyumba ya wazee, waambie wampe mwingine. Na yule mnunuzi wa gari-nyumba asinipigie tena; siliuzi. Kesho naelekea Durness, kaskazini zaidi, mvua inyeshe isinyeshe.

Mama yako,
Eluned