Kaseti ya Hotelini Kwangu

Kitale, Jumanne, Julai 1990



Mchana nilikuwa nimeweka ile kaseti ya wimbo unaoilaumu serikali kwa kubomolea maskini nyumba. Hapa mtaani Tuwan kila mtu anaisikiliza, hata walimu. Mwanamume mwenye koti refu akaingia hotelini, akaagiza chai. Wateja wote wakainamia vikombe vyao. Hao wapelelezi wa serikali tunawajua kwa viatu tu. Nikanyoosha mkono nizime redio.

"Wacha, mama," akasema. "Iendelee."

Alikunywa chai polepole. Kisha nikaona midomo yake ikicheza. Alikuwa akiimba chinichini, na maneno yote anayajua!

Akilipa, aliniinamia. "Iondoe leo, mama. Kesho hawatanituma mimi."

Wafula aliporudi kutoka kazini nikamweleza. Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Aliitupa kaseti kwenye makaa, tukasimama tukiitazama ikiungua. Baba yangu alifungwa na Wazungu kwa sababu ya wimbo, na nyumbani Sirisia tulikua tukijivunia jambo hilo. Sasa mimi...

Hata moshi haujaisha, nikamsikia binti yetu Nekesa. Alikuwa akiosha vikombe nje, akiuimba wimbo ule ule kwa sauti ya juu, na barabarani watu wanapita. Nilikimbia nikamziba mdomo. Nilimbana sana, akalia.

"Mama, si hata wewe huwa unauimba? Nimekosa nini?"

Nikamwambia aimbe wa kanisani.