Tundu la Mwisho

Shieywe, Kakamega
Julai 1964

Kaka Bramwel,

Hapa tupo, ila baridi imezidi. Mvua ya mawe imelaza mahindi. Mkono wa kulia wa Baba hauinuki tena, kwa hiyo mizinga ya nyuki ya nyuma ya nyumba nimeikandika mimi kwa mavi ya ng'ombe kuzuia baridi, mimi mwanamke, majirani wakishangaa.

Niligusa gogo la mzinga mmoja, kaka, lina joto kama mtoto aliyelala! Ndani nyuki wamekumbatiana wakivuma. Nilisahau kupumua.

Nikataka kuziba hata tundu la mwisho. Baba akanizuia.

“Hilo liache. Huenda kuna aliyechelewa kurudi.”

Hakuwa akitazama mzinga. Alitazama barabara ya Kisumu, uliyoondokea mwaka wa uhuru.

Dada yako,
Musimbi