Kwani Mimi si Muumini wa Msikiti Huu?

Mpendwa Bi Nadra, assalamu alaykum, nisaidie mwenzio maana nimejitia mashakani kwa ulimi wangu mwenyewe. Ijumaa kipaza sauti cha msikiti wa mtaani kwetu hapa Shela kiliwaita waumini wote kikaoni, waamue kama chumba tunachosomea darsa sisi wanawake kigeuzwe stoo ya mikeka, nami nikavaa buibui niende, mume wangu Faiz, ambaye ndiye katibu wa msikiti, akanizuia mlangoni akasema, "Waumini ni sisi tusaliyao pale, weye wasali nyumbani," nikarudi ndani nikavua buibui lakini hasira sikuivua, kwa sababu jioni kipaza sauti kikaita tena, waumini wote wajitolee kwa pilau ya maulidi, na Faiz bila haya akaniuliza nitaanza kupika saa ngapi, nikafungua dirisha nikapiga kelele mtaa mzima ukasikia, "Mimi si muumini! Hiyo pilau naipikwe ni waumini!" Sasa masufuria makubwa yako kwangu, wanawake wenzangu nao wamegoma kupika, maulidi ni wiki hii na wageni watoka Pate, kikao hakikukata shauri kitamalizikia baada yake, Faiz analala sebuleni, na mimi kila nikisimama kuswali najiuliza kama nimeshatoka kwenye dini.

Mwanamkisi, Shela

Bi Mwanamkisi, waalaykumussalaam. Tulia, mama. Hukutoka kwenye dini, ulinuna. Muumini ni mwenye kuamini, na imani haiondoki kwa kelele za dirishani, ingawa majirani bila shaka waliburudika. Piga istighfari, kisha mtake radhi mumeo kwa kumwaibisha, arudi chumbani, maana mgongo wa katibu hauwezi sebule.

Lakini Bwana Faiz naye nina lake. Neno gani hili linalokuwa pana pilau ikitakiwa, likawa jembamba kikao kikiitishwa?

Pilau utapika. Maulidi ni ya Mtume, si ya katibu, na wageni kutoka Pate hawana kosa. Ila kabla hamjawasha moto, wewe na wenzako nendeni kwa imamu, kwa adabu, mkaombe kusikilizwa kabla chumba chenu hakijaamuliwa. Masufuria yaacheni nyumbani, isije ikaonekana mnatisha watu kwa njaa.

Faiz akiuliza tangu lini wanawake wakawa waumini wa msikiti, mkumbushe yanayotangazwa kina mama wa mtaa wanapofariki. Kipaza sauti hichohicho hutangaza, "Muumini mwenzetu ametutoka," na hakuna anayeuliza marehemu alikuwa akiswali wapi. Mwambie wewe unataka kuitwa hivyo ungali hai.